Jinsi ya kumfundisha Konti wa Warwick kwa vijana wa Bukavu, kwa chaki na vipande vya karto

Anza na ardhi. Usianze na taji, wala upanga, wala yale mawaridi mawili, jeupe na jekundu, ambayo vitabu hupenda kuyaweka mbele. Vijana wakishajua nani alikuwa na mashamba wapi, nani alishika ngome gani na nani alioa kwa nani, Vita vya Mawaridi vya Uingereza, ambavyo nyumba za Lancaster na York ziligombea taji, vinaeleweka vyenyewe. Wasipojua hayo, wanabaki na rundo la akina Richard na akina Edward wanaokatana vichwa bila sababu, na wiki inayofuata wamewasahau wote.

Nafundisha historia sekondari hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na Jumamosi alasiri nakaa na kikundi cha vijana wanaopenda kusoma. Maelekezo haya nimeyaandika kwa walimu wenzangu, na kwa kaka na dada wanaoongoza vikundi vya namna hiyo parokiani au mtaani. Yanamhusu mtu mmoja: Richard Neville, Konti wa Warwick, aliyezaliwa 1428 na kuuawa vitani 1471, ambaye baadaye aliitwa Mtawaza Wafalme. Nimemchagua yeye kwa sababu vijana wetu wamezoea historia ya waliokaa kwenye viti. Nataka wamtazame aliyesimama kando ya kiti, wahesabu alichonacho mkononi, waone kwa nini aliweza kumkalisha mfalme na kwa nini hakuweza kumshikilia.

Vitu vya kuandaa

Chaki, kamba ya nailoni, kalamu nene ya wino, na karto mbili tatu za sabuni au biskuti kutoka kwa mama wa duka. Hauhitaji umeme. Unahitaji uwanja, hata ukiwa na mteremko kama viwanja vyetu vingi vya Bukavu, na sehemu ya kukimbilia mvua ikianza.

Kata karto vipande vya ukubwa wa kaye. Andika juu yake kwa herufi kubwa: ARDHI YA BABA, ARDHI YA MKE, CALAIS, MERIKEBU, NDUGU JOHN, NDUGU GEORGE, BINTI ISABEL, BINTI ANNE, LONDON. Mfalme hatakuwa kipande cha karto, atakuwa mtu. Chagua kijana mpole, mkalishe kwenye kiti katikati ya uwanja: huyo ni Henry wa Sita. Kwa nafasi ya Warwick, usimpe yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, maana atageuza somo kuwa tamthilia ya upanga. Mpe anayejua kuhesabu, anayekumbuka nani ana deni la nani.

Kwenye tablo piga mstari wa kati. Kushoto andika "Anacho", kulia andika "Kimemtoka". Kila baada ya tukio, kabla ya kusonga mbele, Warwick asome kwa sauti alichobaki nacho. Usiruke hatua hii hata muda ukiwa mfupi. Afadhali uache vita vizima kuliko kuacha hesabu.

Sakafuni chora mapa kwa chaki: kisiwa cha Uingereza, mkono mwembamba wa bahari, kisha pwani ya Ufaransa yenye nukta moja ya Calais. Mahali pembamba zaidi pa bahari hiyo ni kama kilomita 33. Waambie vijana kwamba boti ya Bukavu kwenda Goma inapita maji marefu zaidi ya mara mbili ya hayo, nao wataona mara moja kwamba bahari hiyo haikuwa ukuta. Ilikuwa njia.

Ukoo, kwa kamba tatu

Mti wa ukoo ukichorwa wote unaua somo. Tumia kamba tatu.

Ya kwanza inatoka kwa Edward wa Tatu, aliyekufa 1377, kupitia nyumba ya Lancaster iliyochukua taji kwa nguvu mwaka 1399, hadi kwa Henry wa Sita. Henry alirithi kiti 1422 akiwa na umri wa miezi tisa. Ya pili inatoka kwa huyohuyo Edward wa Tatu hadi kwa Richard, Duki wa York. Ya tatu ni ya ndoa: Cecily Neville, mke wa Duki wa York, ni shangazi yake Warwick, dada ya baba yake. Kwa hiyo watoto wa York, pamoja na yule Edward atakayekuwa mfalme, ni mabinamu wa Warwick.

Hapo ongeza jambo moja kisha uache ukoo kabisa. Bibi yake Warwick, mama mzaa baba, alikuwa mjukuu wa Edward wa Tatu kupitia Lancaster. Damu ya nyumba zote mbili ilikuwa karibu naye. Kijana akikuambia "alikuwa mtu wa York kwa sababu ya damu", mwonyeshe kamba na umwombe atafute sababu nyingine.

Sababu nyingine ni ardhi. Mpe Warwick kipande cha ARDHI YA MKE. Alioa Anne Beauchamp wakiwa bado watoto, na 1449, baada ya vifo katika nyumba ya mkewe, urithi wa Beauchamp ukamwangukia. Akiwa na miaka 20 akawa konti kwa haki ya mke, kama baba yake alivyokuwa Konti wa Salisbury kwa haki ya mkewe. Kati ya mashamba hayo lilikuwemo eneo la Glamorgan, kule Wales. Mwaka 1453 mfalme akamkabidhi Duki wa Somerset usimamizi wa Glamorgan, huku Warwick akiwa tayari ameikalia. Somerset huyo alikuwa pia hasimu mkubwa wa Duki wa York. Basi. Waache vijana waunganishe wenyewe. Mimi kwangu hapo ndipo mikono inaanza kuinuka, maana hakuna familia hapa Kivu isiyojua shauri la shamba.

Msichana anayemwakilisha Anne Beauchamp asimame uwanjani tangu hapo, asitolewe. Vitabu vingi vinamtaja siku ya ndoa na kumwacha.

Kabla ya vita, mpe darasa picha ya utajiri. Inasimuliwa kwamba Warwick alipokuja London, ng'ombe sita waliliwa katika mlo mmoja wa asubuhi, na kila mtu anayejuana na watu wa nyumba yake aliruhusiwa kuchukua nyama nyingi kadiri alivyoweza kuichoma kwenye jambia lake. Watu wake walivaa koti nyekundu zenye alama ya fimbo yenye vigingi. Waulize: nyama hiyo ni ukarimu, au ni siasa? Usijibu.

Kutoka St Albans hadi Calais

Agosti 1453 Henry alipatwa na ugonjwa wa akili, hakumtambua mtu wala kusema. Wiki chache kabla, Uingereza ilikuwa imepoteza vita vya Castillon na karibu ardhi yake yote ya Ufaransa, ikabaki Calais. Oktoba mwaka uleule malkia Marguerite d'Anjou akazaa mtoto wa kiume. Vijana wa Bushi wanaojua uzito wa mwamikazi, mama wa mwami, wataelewa upesi kwa nini Marguerite hakukubali Duki wa York aendelee kuwa msimamizi wa ufalme. Mfalme alipopona, Somerset alirudi juu, na York pamoja na akina Neville wakaona wanafungiwa mlango.

Tarehe 22 Mei 1455, mjini St Albans, waliingia kwa silaha. Njia kuu zilizibwa. Warwick akapita na watu wake nyuma ya nyumba, kwenye bustani, wakatokea sokoni ambako watu wa mfalme hawakuwa tayari. Somerset aliuawa, mfalme akajeruhiwa shingoni kwa mshale. Yalikuwa mapigano mafupi, nawe ufundishe kwa ufupi: mwambie Warwick azunguke nyuma ya darasa na atokee upande mwingine, wote watakumbuka.

Kinachostahili muda ni zawadi aliyoipata: ukapteni wa Calais. Mpe kipande cha CALAIS na umwache akishike juu. Pale palikuwa na kikosi kikubwa zaidi cha kudumu cha mfalme wa Uingereza. Pale palipita sufu iliyouzwa Ulaya, na wafanyabiashara wa sufu ndio waliokopesha fedha za mishahara ya askari. Kijana wa Bukavu amepita daraja la Ruzizi, ameona forodha. Mwambie amfikirie mtu anayeshika forodha, askari na bandari kwa mkono mmoja.

Mishahara haikufika vizuri kutoka London, kwa hiyo Warwick alitafuta njia yake baharini. Mwaka 1458 alishambulia kundi la merikebu 28 za Kihispania, baadaye akazikamata merikebu za chumvi za wafanyabiashara wa Kijerumani. Kisheria ule ulikuwa unyang'anyi, na serikali ikapata aibu. Lakini watu wa London na wa pwani ya Kent, waliochoka kuona bahari yao imeachwa wazi, walimshangilia. Mpe kipande cha MERIKEBU, na baada ya mjadala kidogo mpe LONDON pia, kwa sharti: London anayo kwa mkopo tu. Andika neno hilo kwenye tablo.

Kikao cha kwanza kiishie Oktoba 1459, Ludford, ambako sehemu ya askari wa Calais waliokuja naye walimkimbilia mfalme usiku. York akakimbilia Ireland. Warwick, baba yake Salisbury na kijana Edward wa York wakapita Devon, wakavuka hadi Calais. Bunge likawanyang'anya mali zote. Kwenye tablo hamisha ardhi zote kulia. Kushoto inabaki Calais, merikebu, na watu. Waache vijana waende nyumbani na tablo hiyo kichwani.

Usiku wa mienge

Kama una nguvu ya kuigiza tukio moja tu, igiza hili.

Januari 1460 watu wa Warwick walivuka bahari, wakaingia Sandwich alfajiri, wakamkamata Lord Rivers, ambaye mfalme alikuwa amemtuma kuandaa merikebu za kumwondoa Warwick Calais. Walimtoa kitandani, wakamvusha pamoja na mwanawe Anthony. Barua iliyoandikwa mwezi uleule inasema waliletwa mbele ya mabwana kwa mwanga wa mienge 160. Salisbury akamtukana kwa kuwa ameita watu kama wao wasaliti. Warwick akamwambia kwamba baba yake alikuwa mtu mdogo tu, kwamba yeye mwenyewe amepandishwa na ndoa, na kwamba si nafasi yake kusema hivyo juu ya mabwana wenye damu ya mfalme. Kisha Edward, kijana wa miaka 17, naye akamkemea vilevile.

Panga darasa duara, mpe Rivers nafasi ya katikati, na maneno hayo yasemwe. Kisha nyamaza. Kama uliwafundisha vizuri habari ya ARDHI YA MKE, kuna kijana atasema bila kuulizwa: "Lakini Mwalimu, yeye naye alipandishwa na ndoa!" Ndiyo. Na baba yake pia. Wanaume wawili waliopata ukonti kwa wake zao wanamdharau mwingine kwa kuoa juu. Rivers alikuwa amemwoa Jacquetta wa Luxembourg, mjane wa duki, dhidi ya desturi ya watu wakubwa. Naona huu ndio ufunguo wa yote yanayofuata: Warwick hakuchukia kupanda kwa ndoa. Alitaka ngazi hiyo iwe ya nyumba yake peke yake. Mwandike Rivers pembeni ya tablo, maana binti yake Elizabeth yuko njiani.

Mwaka mmoja wa mbio

Hapa pita haraka, kwa mapa na miguu. Juni 1460 Warwick anashuka Sandwich, Kent inamfuata, London inafungua milango. Tarehe 10 Julai, Northampton, mvua inaharibu mizinga ya mfalme na bwana mmoja, Grey wa Ruthin, anawafungulia njia watu wa Warwick, Henry anakamatwa. Sasa mhamishe yule kijana mpole na kiti chake, umweke kando ya Warwick. Kwa mara ya kwanza anacho mfalme.

Oktoba York anarudi na kuweka mkono juu ya kiti cha enzi mbele ya mabwana. Hakuna anayeshangilia. Makubaliano yanafanywa: Henry atawale hadi kufa, York arithi. Marguerite hakubali mwanawe avuliwe urithi. Tarehe 30 Desemba, Wakefield, York anauawa, na Salisbury anakatwa kichwa siku inayofuata. Vichwa vyao vinawekwa juu ya lango la mji wa York, kile cha Duki kikivishwa taji la karatasi. Acha ukimya kidogo kwa ajili ya baba ya Warwick. Kijana aliyeshika nafasi hiyo amepoteza mtu.

Februari 1461 Warwick anashindwa St Albans na kumpoteza mfalme. Kiti kinaondoka. Waulize: mtu aliyeshika mfalme na kumpoteza anafanya nini? Anatafuta mwingine. Tarehe 4 Machi Edward, mwenye miaka 18, anatangazwa mfalme London, na tarehe 29 Machi anashinda Towton katikati ya theluji. Mweke kijana mwingine, mrefu, kwenye kiti cha pili. Huyu si mpole.

Ndoa ya Mei

Kikao kinachofuata kianze na mali. Edward wa Nne alimrudishia Warwick vyote na kumwongezea. Ndugu yake John alipigana kaskazini hadi akapewa ukonti wa Northumberland, ambao hapo kale ulikuwa wa akina Percy, mahasimu wa Neville. Ndugu yake George, askofu, akawa Kansela na kushika muhuri mkuu, kisha Askofu Mkuu wa York. Warwick ashike sasa vipande vyote. Mikono haitamtosha, mwache ahangaike navyo mbele ya wenzake.

Mwaka 1464 alikuwa katika mazungumzo na Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa ili Edward amwoe Bona wa Savoy, shemeji wa mfalme huyo. Septemba, huko Reading, Edward akawaambia mabwana kwamba ana mke tayari. Tarehe 1 Mei alikuwa amemwoa kwa siri Elizabeth Woodville, mjane mwenye watoto wawili, ambaye mume wake wa kwanza alikufa akipigana upande wa Lancaster. Binti wa Rivers. Rivers yule wa mienge.

Toa dakika za kutosha hapa, kwa sababu vijana watagawanyika na mgawanyiko huo ni mali. Wengine, hasa wavulana wangu, husema mfalme alimwaibisha mkubwa wake mbele ya wageni. Wasichana wengi husema mtu mzima huchagua mke wake, na wengine husema hata mahari hujadiliwa kabla, si baada. Wote waache waseme, ila kila hoja ilipie kwa jambo lililotokea. Anayesema Warwick alivunjika moyo palepale, mwulize mbona alimsindikiza Elizabeth kwa mkono alipotambulishwa Reading, na mbona miaka mitano ikapita kabla ya kushika silaha.

Kisha ongoza macho yao kwenye yaliyoumiza taratibu. Ndugu na dada wa malkia walioana na warithi wakubwa wa nchi, na nafasi za ndoa kwa mabinti wa Warwick zikapungua. Alikuwa na mabinti wawili tu, Isabel na Anne, hana mtoto wa kiume. Alitaka Isabel aolewe na George, Duki wa Clarence, mdogo wa mfalme, Edward akakataa. Juni 1467 Edward akamvua George Neville, ndugu wa Warwick, muhuri mkuu. Mwaka 1468 dada ya mfalme akaolewa na Charles, Duki wa Burgundy, hasimu wa mfalme wa Ufaransa, wakati Warwick alitaka urafiki na Ufaransa. Kila tukio, kipande kimoja kihame au kipinde. Mwishoni mwache Warwick asome tablo. Bado ni tajiri kuliko bwana yeyote Uingereza. Kilichomtoka ni kusikilizwa. Mimi naamini hilo ndilo lililomwinua, nami nawaambia wanafunzi wangu kwamba ni maoni yangu, wayapinge wakiweza.

Kumshika mfalme asiyekubali kushikwa

Julai 1469 Warwick alivuka hadi Calais, na huko ndugu yake George akawafungisha ndoa Isabel na Clarence bila idhini ya mfalme. Uasi ulikuwa umeshaanza kaskazini. Vikosi vya mfalme vikashindwa Edgecote, Rivers na mwanawe John wakakatwa vichwa, na Edward akakamatwa Olney na yuleyule Askofu George.

Weka viti viwili sasa. Henry yuko gerezani katika Mnara wa London tangu 1465. Edward yuko mikononi mwa Warwick, amepelekwa ngome ya Middleham. Wafalme wawili, wote wamefungwa! Darasa litadhani Warwick ameshinda. Hapo wape swali gumu: mpakani kaskazini wafuasi wa Lancaster wameasi, Warwick anaita watu waje kupigana. Je, watakuja? Hawakuja. Waliitika mwito wa mfalme aliye huru, si wa bwana anayemfungia. Ilibidi amwachilie Edward ili askari wapatikane, na Edward alipoonekana hadharani hakurudi tena kizuizini.

Mwambie Warwick ajaribu kusimama amemshika Edward mkono mmoja huku akipokea vipande vya karto kwa mkono mwingine. Mwili wake utaeleza jambo ambalo mimi naweza kulizungumza saa nzima bila kulimaliza.

Merikebu mbele ya Calais, na magoti ya Angers

Machi 1470 uasi mwingine, wa Lincolnshire, ulivunjwa, na ushahidi ukawaangukia Warwick na Clarence. Wakakimbia kwa bahari pamoja na mkewe Anne, Isabel na binti mdogo. Isabel alikuwa na mimba kubwa. Walipofika mbele ya Calais, mji ule ulioshikilia maisha yake yote, mizinga iliwafukuza. Isabel alijifungua ndani ya merikebu, na mtoto akafa. Eleza hivyohivyo bila kupamba. Kipande cha CALAIS akiweke chini yeye mwenyewe.

Baada ya hapo, Ufaransa. Louis alitaka mfalme wa Uingereza atakayempiga Burgundy pamoja naye. Tarehe 22 Julai, mjini Angers, Warwick alipiga magoti mbele ya Marguerite d'Anjou, mwanamke ambaye vita vyake vilimuua baba yake na ambaye yeye alikuwa amemvua taji. Inasimuliwa alimwacha magotini karibu robo saa. Usiharakishe. Mpigishe kijana wako magoti kwenye saruji, darasa likae kimya hata dakika moja tu, nao wataona dakika ilivyo ndefu. Malipo ya kusamehewa yalikuwa binti Anne, aliyeposwa na mwana wa Marguerite. Mpe msichana mwenye kipande hicho nafasi ya kusema neno, kama anataka. Historia haikuhifadhi maneno yake, kwa hiyo yatakuwa ya msichana wa Bukavu, nawe uliseme hilo wazi ili wasichanganye.

Ukungu

Septemba 1470 Warwick alishuka Devon. Edward alikuwa amemrudishia Percy ukonti wa Northumberland na kumpa ndugu John cheo cha heshima badala yake. John akalalamika kwamba amepewa kiota cha ndege cha kukitunzia cheo hicho. Akageuka. Oktoba Edward akakimbilia nchi za Burgundy, akimlipa nahodha kwa joho lake lenye manyoya kwa kuwa hakuwa na fedha. Henry akatolewa gerezani, akarudishwa kitini.

Warwick alikuwa na mfalme mpole tena, ila hesabu sasa ilikuwa ya kukopa. Ahadi kwa Louis ilimlazimu kuingia vita na Burgundy, na kwa sababu hiyo Charles wa Burgundy, ambaye hakuwa na haraka ya kumsaidia shemeji yake, akampa Edward fedha na merikebu. Clarence hakupata taji alilolitamani. Akamrudia kaka yake Aprili 1471. London ilimfungulia Edward milango. Chukua kipande cha LONDON na uwaonyeshe lile neno la kikao cha kwanza: mkopo.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1471, Barnet. Usiku kucha mizinga ya Warwick ilipiga juu ya vichwa vya watu wa Edward waliokuwa karibu kuliko alivyodhani. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na mistari ya majeshi haikulingana. Konti wa Oxford, upande wa Warwick, aliwakimbiza watu wa mbele yake hadi mjini. Aliporudi, watu wa John Neville waliona alama yake ya nyota yenye miale wakaidhania ni jua la Edward, wakawapiga. Kelele za "usaliti" zikapanda katika jeshi ambalo nusu yake jana lilikuwa adui wa nusu nyingine. John aliuawa. Warwick aliuawa akitafuta kumfikia farasi wake. Alikuwa na miaka 42. Siku hiyohiyo Marguerite alishuka Weymouth, amechelewa. Mwanawe alikufa Tewkesbury tarehe 4 Mei, na Henry akafa gerezani mwezi huohuo.

Baada ya vipande kuanguka

Kuna kanuni moja ninayoisimamia kwa ukali: hakuna kumtaja mtu wa leo. Kijana atataka kusema "huyu ni kama fulani wetu". Mzuie kwa upole. Katika darasa lolote la Bukavu kuna aliyezika mtu, na huwezi kujua ni upande gani jina moja litamchoma. Sisi tunakaa 1471, na kila mtu ana uhuru wa kufikiri akiwa njiani kurudi nyumbani.

Halafu mgeukie yule msichana aliyesimama tangu mwanzo, Anne Beauchamp. Baada ya Barnet alikimbilia hifadhi katika abasia ya Beaulieu, akaandika barua kuomba haki yake. Mabinti wake walikuwa mikononi mwa ndugu wawili wa mfalme: Isabel kwa Clarence, na Anne, aliyefiwa na mchumba wake wa Angers akiwa ameshakuwa mke wake, kwa Richard wa Gloucester. Ndugu hao walitaka urithi, ila mwenye urithi alikuwa hai. Mwaka 1474 Bunge likapitisha sheria: mashamba yagawanywe kana kwamba yeye amekwisha kufa. Aliishi hadi 1492. Kipande cha ARDHI YA MKE kikatwe kwa mkasi mbele yake, nusu kwa nusu. Wasichana wangu huwa na mengi ya kusema hapo, na sijawahi kuona sababu ya kuwakatiza.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja achague siku moja kati ya 1455 na 1471 ambayo Warwick angeweza kufanya jambo jingine, aandike ukurasa mmoja wa kaye akieleza alikuwa na nini mkononi siku hiyo na angefanya nini nacho. Mimi natoa alama kumi kwa hesabu ya alichonacho, sita kwa hoja na nne kwa tarehe. Anayechagua siku ya Angers mpe nafasi ya kusoma mbele kwanza, maana ndiyo ngumu kuliko zote, na anayeandika kuhusu Anne Beauchamp badala ya mumewe asinyimwe alama hata moja.